Nimechoka na matamasha ya kosplei, lakini kundi langu linanitegemea

Shikamoo Shangazi,

Naisoma safu hii kila inapotoka, ila sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekuandikia kwa sababu ya nguo. Nisikuzungushe. Nina miaka 24 na ninafanya kosplei. Nachagua mhusika kwenye anime, yaani katuni za Kijapani, au mchezo wa video, nashona vazi lake, natengeneza deraa lake, lile vazi la vita la kujikinga, na silaha zake za bandia, halafu navaa na kwa saa kadhaa nakuwa yeye. Nyumbani walishazoea kukuta kichwa cha plastiki chenye wigi mezani na vipande vya foamu chini ya kochi.

Tuna kundi la watu sita. Kiongozi wetu tunamwita Dada ingawa hatuna undugu wa damu. Ametutangulia kwa umri na kwa mikono. Ndiye aliyenikalisha mbele ya cherehani nikiwa sijui hata kutunga uzi kwenye sindano. Ndiye aliyenifundisha kukata foamu kwa kisu kikali na mkato mmoja ili kingo zisiwe na meno, na kuipasha kwa hewa moto mpaka ikubali kupinda. Kila mwaka tunakwenda pamoja kwenye tamasha kubwa la mashabiki, na safari hii tumejiandikisha kwenye shindano la jukwaani kama kundi. Onyesho ni la dakika tatu. Mimi ni jemadari anayeuawa katikati ya onyesho. Usinicheke, Shangazi. Bila kifo changu hadithi nzima haiendi mbele.

Shida ni kwamba matamasha yamenichosha. Naamka kabla ya alfajiri, maana rangi ya uso, pini na gundi ya wigi vinakula muda usio wa kawaida. Kisha foleni ya kuingia. Kisha foleni ya choo, na kwenda chooni ukiwa ndani ya deraa ni shughuli ya watu wawili. Foamu haipitishi hewa, kwa hiyo ikifika saa sita mchana kila nilichovaa chini yake kimelowa. Mwaka jana mtu alikuwa akirudi kinyumenyume apate selfi nzuri, akanivunjia kipande cha bega la kushoto, wala hakugeuka. Simu zinanyanyuliwa kabla hata sijasimama sawasawa. Mwanamume mmoja aliomba picha, akanishika kiuno akanivutia kwake, na tulipomaliza akanivuta wigi kidogo eti aone kama ni nywele zangu. Nikacheka tu, tukaendelea. Penye wengi pana mengi.

Mwanzo nilikuwa nikifurahia, sitaki kudanganya. Mwaka juzi jaji mmoja aligeuza upindo wa joho langu, akaangalia nilivyoificha mishono ndani ya bitana, akaniambia, "Hii ni kazi." Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha.

Sasa, miezi michache iliyopita rafiki wa kaka yangu, anayependa kupiga picha, aliuliza kama ningekubali anipige nikiwa nimevaa. Nikachukua vazi langu la zamani, si la shindano. Tukaenda watatu, yeye, kaka na mimi, mahali penye miamba na nyasi ndefu, jua likiwa limeanza kulegea. Sijui nikueleze vipi. Viatu viliponibana nilivivua nikakaa juu ya jiwe, nikanywa maji kwa mrija nisiharibu rangi ya mdomo. Mkanda wa bega ulipofumuka tulisimama, kaka akaushona kwa mkono huku nimevaa, akinichoma na kuomba radhi, akinichoma tena. Halafu kazi yake ikawa joho: anashika ncha, mpiga picha anahesabu, kaka analirusha hewani na kutimua mbio atoke kwenye picha. Mara nyingi hakuwahi. Tuna picha chungu nzima za jemadari mwenye hasira, na nyuma yake kijana wa bukta anaangukia kwenye nyasi. Nilicheka mpaka kope za bandia zikabanduka.

Usiku huohuo niliweka zile nzuri mitandaoni. Zilipendwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Asubuhi Dada akanitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Naona umepata kundi jipya." Kwenye mazoezi yaliyofuata nikathubutu kusema labda mwaka huu nipumzike tamasha. Akajibu mbele ya wote kwamba mtu anayejificha vichakani ili apigwe picha nzuri ni mwanamitindo, si mwanakosplei, na kwamba kosplei ni watu. Wenzangu wakainamisha vichwa wakajifanya wanahesabu pini.

Tamasha limebaki wiki saba. Sitaki kuwaangusha, lakini kila nikifungua sanduku la deraa tumbo linakaza. Kaka anasema nijitoe tu, maisha yenyewe mafupi. Rafiki mmoja wa kundini anasema nikijitoa nitakuwa nimemtupa Dada baada ya yeye kunilea. Nami najiuliza: je, nimekuwa mwoga wa watu? Kosplei bila tamasha ni kosplei kweli, au nimegeuka mtu wa kutafuta kupendwa mitandaoni?

Nisaidie, Shangazi.

Jemadari Aliyechoka

*

Marahaba mwanangu Jemadari, na pole kwa uchovu.

Sikucheki. Barua yako niliirudia, na kabla sijakaa kukujibu niliwatafuta watu wanaoijua kazi hii kwa mikono yao, nisije nikakushauri juu ya kitu ninachokijua kwa kukitazama tu. Kwanza niseme nilivyokuelewa, nawe unirekebishe palipopinda.

Una kundi ulilokulia ndani yake na mlezi unayemheshimu. Kundi limetoa ahadi, na ahadi hiyo imeegemea pia bega lako. Wakati huohuo umeonja jioni moja ya kuvaa na kucheza bila kusukumana, na mwili wako umelinganisha bila kukuuliza. Sasa unaona njia mbili tu: kwenda tamashani tumbo likiwa limekaza, au kujitoa na kubeba jina la asiye na shukrani. Juu ya hayo Dada amekutupia swali jingine, la kama wewe bado ni mwanakosplei. Hilo ndilo jepesi kuliko yote, kwa hiyo tuanze nalo litoke njiani.

Mwaka 1939, mashabiki wa hadithi za kisayansi walipofanya mkutano wao wa kwanza wa dunia mjini New York, waliofika wakiwa wamevaa mavazi ya zama zijazo walikuwa Forrest J Ackerman na mwenzake Myrtle Douglas, ambaye mashabiki walimjua kwa jina la Morojo. Mavazi yote mawili aliyashona Morojo. Kwa hiyo Dada ana hoja: mchezo huu ulichipukia mkutanoni, mbele za watu, na mshonaji alitaka aonekane. Lakini mkutano ule ulikuwa wa watu kama mia mbili. Tamasha la Comic-Con la San Diego, Marekani, siku hizi hukusanya zaidi ya watu 130,000. Anayesema "kosplei ni watu" na anayesema "watu hawa wamenizidi" huenda hata hawabishani.

Tena huko Japani, kwenye Comiket, mkusanyiko mkubwa wa mashabiki wa vibonzo ulioanza Tokyo mwaka 1975, huruhusiwi kufika ukiwa umeshavaa. Unabadilisha hukohuko, na kupigwa picha kuna sehemu yake iliyotengwa. Nchini humohumo wapo wanaokodi studio zenye mandhari ya ngome au msitu, wakajifungia humo na marafiki zao wakipiga picha tu. Sijasikia kwamba wanadaiwa cheti. Swali la wewe ni nani basi nimelisogeza pembeni, na nakuomba usilibebe unapokwenda kuzungumza na Dada, kwa sababu mtalibishania hadi jioni na kilichokuleta kitasahaulika.

Sasa nirudi kwenye barua yako, mahali ambapo nilisimama.

Umeandika kwa kirefu juu ya foleni, jasho na kipande cha bega kilichovunjika. Katikati ya hayo kuna sentensi za haraka kuhusu mwanamume aliyekushika kiuno, akakuvuta, akagusa na nywele. Ukatia methali, ukafunga mlango. Mwanangu, aliyekugonga kwa kutotazama anakokwenda na aliyekuvutia kwake kwa kukusudia si watu wa kuwekwa kapu moja. Na kucheka kwako hakukuwa ruhusa. Wengi hucheka wakishikwa hivyo: simu zimewaelekea, watu wamewazunguka, wamevaa mhusika ambaye kila mtu anadhani anamjua, na mwili unachagua njia ya kulimaliza jambo upesi. Si wewe peke yako. Tamasha la New York Comic Con mwaka 2014 liliweka mabango makubwa ya kuwakumbusha wageni kwamba mtu kuvaa kosplei si kutoa ridhaa, na kwamba waulize kabla ya kupiga picha au kugusa. Mabango ya namna hiyo hayawekwi kwa ajili ya mapambo.

Sisemi kwamba hilo ndilo lililokuchosha. Nauliza. Ukifungua lile sanduku na tumbo likakaza, kinachokujia kwanza ni nini, foleni au mkono ule? Kama ni foleni na joto, kuna ya kupunguza, nitakuja kuyataja. Kama ni mkono, basi uchovu wako una chanzo kingine, na kuukwepa ukumbi kunaweza kukupa nafuu bila kukigusa chanzo chenyewe. Inaweza pia kuwa ni vyote, na kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Hilo utalijua wewe kabla yangu. Je, umemwambia mtu? Navyosoma, Dada hajui. Kama hajui, basi alipokusema mbele ya wenzako alikuwa akiihukumu kesi ambayo nusu yake hajasomewa. Huna wajibu wa kumsomea. Ni lako, na ni wewe unayechagua umwambie nani na lini. Ila ujue kwamba anajibu barua isiyo na ukurasa huo.

Kuhusu woga, sioni. Mwoga wa watu hakeshi akijifunza kufa vizuri jukwaani.

Tuhamie kule kwenye miamba. Nilivyoisoma jioni ile, niliona mambo ambayo huenda wewe umeyaita kwa jina moja la "nje". Hakuna aliyekuwa akisubiri zamu yake. Kitu kilipoharibika mlisimama. Ulivua viatu ulipotaka kuvivua. Waliokutazama walikuwa watu wawili, na wote unawajua. Hapo mandhari ina sehemu yake, sikatai, mwanga wa jua linaloelekea kuzama unalainisha uso ambao taa za ukumbini zinauparua. Lakini mengi ya yaliyokupa raha hayatoki kwenye nyasi. Yangeweza kupatikana sebuleni, na yanaweza kukosekana katikati ya msitu ukiwa na watu wasiokufaa. Nalisema hili kwa sababu ukichagua "nje" ukidhani nje ndiyo dawa, unaweza kushangaa safari ya pili ukikuta utamu umepungua na hujui umekwenda wapi.

Na kuna jambo lilitokea usiku uleule. Jioni ambayo haikuwa na hesabu yoyote ikaanza kuhesabiwa, nawe mwenyewe unaniambia picha zilipendwa kuliko zote. Sikulaumu, nani asiyefurahi? Ila jiulize: ungezipiga zile picha na kuziacha kwenye simu ya kaka, jioni ile ingepungua? Kama hapana, lile swali lako la kutafuta kupendwa umeshalijibu. Kama umesita, si dhambi, ila ujue kwamba wanaokutazama kwenye simu nao ni umati, tofauti yao ni kwamba hawakutoi jasho. Wakizoea kukuona miambani watakuuliza mbona wiki hii kimya, na utajikuta unaamka kabla ya alfajiri tena.

Nimezungumza na wanaokwenda matamashani kila mwaka na bado wanayapenda. Wengi hawaendi kama unavyokwenda wewe, kutwa nzima ndani ya deraa. Wanafika na nguo za kawaida, wanavaa saa ya onyesho inapokaribia, wakishuka jukwaani wanavua. Wana msaidizi asiyevaa chochote cha kosplei, kazi yake ni maji, gundi, pini, kufungua njia, na kusema "samahani, hapigwi picha sasa" kwa sauti ambayo wewe ukiwa jemadari unaona aibu kuitumia. Wengine huweka feni ndogo ya betri ndani ya kofia ya chuma bandia. Kuna wanaotoa mkono mbele kabla mtu hajawakaribia, na anayetaka picha anaelewa kwamba atasimama pembeni, si kukumbatia. Kama kaka yako anaweza kurusha joho na kuanguka bila kulalamika, nadhani kazi hiyo ya usaidizi ataiweza.

Lakini nisikuuzie hilo kana kwamba halina upande wa pili. Shindano la dakika tatu haliishii dakika tatu. Mara nyingi kuna kuripoti mapema, kukaguliwa na majaji, kungoja nyuma ya jukwaa na watu wengine waliovaa mabawa. Unaweza kufanya yote hayo, ukajilinda kila upande, na bado ukarudi nyumbani umechukia. Na wenzako watano wanaokujua wataona kwamba uko mwili tu. Onyesho la kundi ambalo mmoja ameburutwa huwa linaonekana hata kutoka viti vya nyuma.

Kujitoa nako kupo, na si usaliti kwa jina lake tu. Kinachofanya kujitoa kuwe usaliti mara nyingi ni wakati. Mtu anayesema leo, zikiwa zimebaki wiki saba, ameliachia kundi nafasi ya kupanga. Anayesema wiki ya mwisho ameliachia shimo. Wiki saba ni chache kwa kuanza deraa jipya tangu mwanzo, lakini la kwako lipo, mikanda hulegezwa na kukazwa, na mtu mwingine anaweza kufundishwa kuanguka. Je, ungekuwa tayari kumfundisha? Ungevumilia kumwona mwingine ndani ya jemadari wako, akiuawa vibaya kuliko unavyouawa wewe? Hilo ni swali la kweli, silitanii. Wapo waliojitoa kwa roho safi kisha wakaumia siku walipoona picha za wenzao jukwaani.

Na ukijitoa kuna kitu kitakachokosekana ambacho umekitaja mwenyewe bila kukirudia. Picha haigeuzi upindo. Mpiga picha mzuri atalitoa joho lako likipepea ajabu, ila hakuna atakayeona bitana, hakuna atakayepitisha kidole kwenye mshono na kusema ni kazi. Huenda hilo umeshashiba nalo. Huenda ndilo lililokuwa likikupeleka tamashani muda wote, na msongamano ulikuwa nauli unayolipa. Sasa nauli imepanda, na wewe ndiye unayejua kama bado unakotaka kufika ni kulekule.

Pengine umewaza njia ya kati: uwachukue wote sita muende mkapige picha nje, ili Dada naye aone. Naipenda, kwa tahadhari. Watu sita wenye mavazi sita, kila mmoja akitaka mwanga uleule wa saa moja kabla ya jua kuzama, hiyo nayo ni foleni. Dada, kwa navyomsikia, atakuja na ratiba. Inaweza kuwa siku nzuri kuliko zote mlizowahi kuwa nazo kama kundi, inaweza pia kukuharibia mahali ulipokuwa ukipumulia. Kama utawaalika, waalike kwa sababu unataka wawepo. Usiitoe kama fidia ya kukosa onyesho, kwa sababu fidia hupimwa, na aliyefidiwa huiona ndogo.

Kama utaendelea na hizo jioni za nje, yapo machache ya kuyaangalia, na hapa nitakuwa shangazi kabisa. Jioni ile kaka yako alikuwepo. Wewe umemweka kwenye barua kama kichekesho, mimi nimemwona kama sababu mojawapo ya wewe kutulia. Siku asipokuwepo, nenda na mtu mwingine unayemwamini, hata kama mpiga picha ni mtu mwema. Mwema hataona vibaya. Mkubaliane kabla ya kamera kutoka begini: picha zitawekwa wapi, nani anachagua, ataruhusiwa kuubadilisha mwili wako wakati wa kuzihariri au la, na mkikosana zitakuwa za nani. Simu nyingi na baadhi ya kamera huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Ifuteni taarifa hiyo kama hutaki watu usiowajua wajue jiwe lako. Ulizeni eneo ni la nani.

Na upanga wa jemadari usiubebe mkononi njiani. Uwe umefungwa kwenye begi mpaka mfike, kwa sababu anayekuona kwa mbali hajui foamu, anaona silaha, na polisi akiitwa hatakuja na macho ya shabiki. Deraa jeusi likikaa juani au ndani ya gari lililofungwa, gundi huachia na foamu hujikunja, kwa hiyo livae mwishoni. Kama unavaa lenzi za rangi machoni, vumbi la huko litakuliza. Beba dawa yake na kioo.

Nimemwacha Dada mwisho kwa sababu ndiye mgumu.

Kukusema mbele ya wenzako hakukuwa sawa, na sitakutafutia sababu ya kukufanya uone kulikuwa sawa. Ila ule ujumbe wa mstari mmoja niliusoma kwa macho yake. Aliamka asubuhi akakuta picha za mwanafunzi wake kwenye simu, zimeshapendwa na watu asiowajua. Pengine bega la vazi lile alikuwa amelishikilia kwa mikono miwili gundi ilipokuwa ikikauka. Ameliona siku moja na wageni. Hakuambiwa, hakuitwa, hakujua kwamba hata ulikuwa umechoka. "Naona umepata kundi jipya" inaweza kuwa kejeli ya mtu anayependa kutawala. Inaweza pia kuwa njia mbaya ya mtu mzima kusema ameachwa nyuma. Au ana hofu tu na onyesho, wala hakuna fumbo. Mimi siko pale. Wewe umekaa naye miaka, na nadhani ukitulia utajua ni ipi, au ni ngapi kati ya hizo.

Yule rafiki anayekuambia utamtupa aliyekulea, msikilize, ana jicho. Lakini muulize pia: shukrani kwa mtu aliyekufundisha kushona inalipwa kwa nini hasa? Kwa kusimama pale anaposimama yeye kila mwaka? Unaweza kupata jibu linalokupeleka jukwaani, na unaweza kupata lisilokupeleka. Kaka naye, ambaye maisha kwake ni mafupi, ana moyo mzuri, ila si yeye atakayekutana na macho ya wale watano kwenye mazoezi.

Ninachokuomba ni kidogo. Mtafute Dada mkiwa wawili, si mazoezini na si kwa ujumbe, maana ujumbe ndio uliowafikisha hapa. Nenda kabla hujaamua, au angalau kabla hujatangaza, ili naye apate nafasi ya kukuambia kitu ambacho kinaweza kukubadilisha. Anza na jioni ile yenyewe. Mwoneshe picha ambazo hukuziweka mitandaoni, zile za bukta, kisha mwambie ni nini ulichopata pale ambacho tamashani umekikosa. Usimwambie kwanza unachokimbia. Mweleze ulichokipenda, halafu uone anajibu nini. Mengine utapima hapohapo kama unataka kuyatoa.

Na kabla ya hayo yote soma kanuni za shindano. Mara nyingi huwa na siku ya mwisho ya kubadilisha majina ya washiriki wa kundi. Siku hiyo ndiyo kipimo chako cha muda, si zile wiki saba, na kama ni karibu kuliko ulivyodhani ni vizuri Dada alijue kutoka kwako mapema. Ukishazungumza naye niandikie, hata kama mambo yalikwenda kombo.

Shangazi